Kumkalisha Mathenge

Zablon Ogola alikuwa na dawa moja tu ya mpira, na dawa hiyo ilikuwa boksi.

Boksi lenyewe lilikuwa la mbao, la kubebea nyuzi za kushonea magunia. Kila Jumamosi liliwekwa kando ya uwanja wa kiwanda, karibu na mstari wa kati, na juu yake akakaa mchezaji ambaye Ogola amemtoa kikosini wiki hiyo. Hakukalisha wabovu. Mbovu mwache acheze mpaka aaibike mwenyewe, ndivyo alivyosema. Aliyekalishwa alikuwa mchezaji mzuri aliyeanza kujisikia, anayetembea kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi, kifua mbele na kuitikia salamu za watu kwa nyusi. Huyo Ogola alimketisha, akasimama kando yake dakika tisini nzima akimwonyesha makosa ya aliyeshika nafasi yake. Wiki iliyofuata mtu aliingia uwanjani kama simba aliyefungiwa.

Dawa hiyo aliipata jeshini kule Burma, kwa sajenti mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, na ilikuwa imemtoa mbali. Alipofika Nakuru baada ya vita alikuwa kuli wa kubeba marobota ya katani kwenye kiwanda cha magunia. Mwaka wa hamsini na moja Bwana Haddon, meneja, alimwona akiwafokea vijana uwanjani kwa ustadi, akamtoa kwenye marobota na kumpa kazi ya kufundisha timu, kazi kamili, ya mshahara wa mwezi. Ogola aliamini kwamba bonde zima hakuna Mwafrika mwingine anayekula kwa kufundisha mpira. Huenda ni kweli, huenda alitia chumvi, lakini alilisema kwa kila aliyemsikiliza, na wasiotaka kusikiliza pia waliambiwa.

Basi mwezi wa tano mwaka wa hamsini na nne, timu ya kiwanda, Magunia, ilikuwa imefika fainali ya kikombe, icheze na timu moja kutoka Nairobi, hapo hapo Nakuru, baada ya majuma mawili. Haddon alimwita ofisini na kumwambia kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha: "Wewe naleta kikombe, wewe nakaa kazi. Hapana leta, rudi kwa robota." Kisha akainama kwenye makaratasi yake.

Ogola alitoka akijipa moyo. Alikuwa na kipa. Ukiwa na kipa kama Mathenge, nusu ya kikombe iko kabatini tayari.

Mathenge alikuwa mshonaji wa midomo ya magunia, mtu mrefu mwenye viganja vipana kama sinia. Alizaliwa Bahati, kwenye shamba la mzungu, baba yake akikamua ng'ombe. Nyeri, ambako kipande chake cha utambulisho kilisema ndiko kwao, alikuwa hajatia mguu. Ogola ndiye aliyemfundisha kutoka langoni, kuruka na goti mbele, kupiga ngumi mpira wa kona. Walikuwa wanaelewana kwa macho tu. Mke wa Mathenge, Wamuyu, alikuwa akimletea mama watoto wa Ogola viazi vya Bahati, naye akirudishiwa samaki mkavu kutoka Kisumu, na watoto wa nyumba zote mbili walikula popote njaa ilipowakuta.

Lakini Jumamosi moja Mathenge alifungwa bao la aibu. Mpira ulimjia taratibu, akauinamia kwa mkono mmoja huku akimcheka mshambuliaji, ukampita katikati ya miguu. Magunia walishinda hata hivyo, na watu walicheka, na Mathenge mwenyewe alicheka. Ogola hakucheka. Aliona ugonjwa, na dawa yake ilikuwa pale pale kando ya uwanja.

Sasa ni lazima niseme juu ya orodha, kwa sababu mambo yote yalipita hapo. Kila Ijumaa king'ora kikilia Ogola aliandika majina kumi na moja na kumpelekea karani. Zamani karani aliyapiga taipu mara moja, akayabandika ubaoni. Tangu Imajensi ianze, ile hali ya hatari ya kuwasaka wapiganaji wa msituni, aliyapiga mara tatu. Nakala moja ya ubaoni, moja ya askari wa geti, moja ya polisi, maana timu ilikuwa na Wakikuyu watatu, Mathenge mmoja wao, na Mkikuyu hakuruhusiwa kupanda treni wala kuzurura bila kibali. Mkikuyu aliyekuwa kwenye orodha hiyo aliachwa na polisi wiki hiyo: ni mtu wa timu, walisema, huyo mwacheni. Ogola alizijua nakala hizo vizuri. Ila aliziona ni usumbufu wa karani. Yeye alipita geti asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kumuuliza chochote zaidi ya habari ya mpira.

Ijumaa iliyofuata aliandika kikosi cha kwenda Longonot, mechi ndogo ya ligi na mafundi wa reli. Langoni akamweka Owuor, kijana wa akiba. Jina la Mathenge hakuliandika. Zamani aliyekalishwa alisafiri na timu, na boksi lake likasafiri, lakini siku hizi kibali kilikuwa cha watu kumi na mmoja na mwalimu wao. Ogola alifikiri hiyo ni bora zaidi. Akae nyumbani siku nzima, asikie treni ikiondoka bila yeye. Fainali ataicheza kwa meno.

Mathenge aliisoma orodha, akamfuata Ogola hadi kwenye stoo ya mipira.

"Mwalimu, si ungengoja mechi ya hapa nyumbani? Nikalie boksi hapa, watu wote wanione."

"Hapana. Kwa nini nikubembeleze?"

"Hii wiki si mzuri, mwalimu." Aliangalia mlangoni kabla ya kuendelea. "Hii wiki niandike tu. Ata kama sichezi, niandike."

"Wiki mzuri ni ile umeshika mpira na mikono mbili," Ogola akamjibu, akacheka, akampiga begani. "Enda ukae na bibi yako. Jumamosi ingine utanishukuru."

Kumwambia mwalimu wako kwamba unaogopa si jambo rahisi kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoogopa. Mathenge alisema, "Sawa, mwalimu," akaenda zake.

Kule Longonot Magunia walishinda matatu kwa sifuri. Mlima ulikuwa umesimama nyuma ya lango la wenyeji, vumbi jeupe likapanda mpaka magotini, na Owuor hakugusa mpira hata mara tano. Ndani ya treni, wakati wa kurudi, Ogola aliimba pamoja na vijana. Hilo nalo lilimrudia baadaye, kwamba aliimba.

Walifika laini jua likiwa bado juu ya ukuta wa kiwanda. Upande wa nyumba za Wakikuyu milango ilikuwa wazi na watoto wa watu wengine walichungulia ndani. Kwenye nyumba ya Mathenge sufuria ya githeri ilikuwa imeungua mekoni, na Wamuyu alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mdogo mapajani bila kuiepua.

Aliyewasimulia alikuwa Kipkemei, askari wa geti. Malori matatu, alisema, yalifika saa nne asubuhi. Wakikuyu wote wanaume walipangwa mstari uwanjani, pale pale wanapochezea. Kulikuwa na mtu amevikwa gunia kichwani, gunia la hapa hapa kiwandani, limetobolewa macho mawili. Alikuwa akitikisa kichwa kwa huyu, anakamatwa, kwa yule hatikisi.

"Kwa Mathenge alitikisa?" Ogola akauliza.

"Hakutikisa," Kipkemei akasema. "Alipita yeye. Lakini Inspekta akasema huyu si ndiye golikipa? Mbona hajaenda na wengine? Akaniomba list. Nikampa. Akasoma, akasoma tena. Halafu akasema mpandishe kwa lori."

Karanja, winga wa kushoto, alikuwa amesimama nyuma ya Ogola na kifurushi chake cha nguo. Mkikuyu kama Mathenge, naye nyumba yake ilikuwa salama, mke wake akipepeta mahindi mlangoni. Jina lake lilikuwa la kumi na moja kwenye karatasi. Alimtazama Ogola mara moja, kisha akaangalia chini, na tangu siku hiyo hakumtazama tena usoni.

Jumatatu Ogola alikwenda kwa Haddon. Haddon alisikitika kweli, maana alipenda mpira, lakini alisema mambo ya polisi ni ya polisi, na kwamba Owuor ni kijana mzuri. Ogola akapiga moyo konde, akavaa koti lake la jeshi lenye utepe wa medali, akaenda stesheni ya polisi. Alingoja tangu asubuhi hadi saa saba. Inspekta Pettit alikuwa kijana bado, amechomwa na jua shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Haddon mara kumi. Alimpa kiti. Mwafrika kupewa kiti mle ndani lilikuwa jambo la ajabu, na Ogola alikaa akiwa na tumaini.

"Nilitaka kukushukuru," Inspekta akasema.

Ogola hakuelewa.

"Wengine wote wanaficha watu wao. Wewe ulimtoa kimya kimya, bila kelele. Nilipoona orodha nikajua."

"Effendi, mimi nilimtoa kwa sababu ya mpira."

Inspekta akatabasamu.

"Nasema kweli, effendi. Alifungwa goli mbaya. Alianza kuringa. Nilitaka akasirike kidogo. Ndiyo kazi yangu. Nafanya hivyo kila wakati. Uliza mtu yeyote."

"Ogola." Inspekta aliegemeza viwiko mezani. "Mimi pia nimecheza mpira. Huyu ni kipa bora kutoka hapa mpaka Kisumu. Fainali ni Jumamosi hii. Hakuna kocha duniani anayemtoa kipa kama huyo kwa sababu ya goli moja. Uliona kitu. Kama unaogopa kukitaja, sikulazimishi. Nimeshaandika."

"Umeandika nini, effendi?"

"Kwamba mwalimu wake, mtu anayemjua kuliko wote, hakumwamini tena."

Ogola alianza kueleza upya. Alieleza boksi. Alieleza Burma na sajenti. Alitaja kila mchezaji aliyewahi kumkalisha na mwezi gani, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mwenyewe akiwa kama mwongo anayejikanyaga. Inspekta alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, akainuka, akampa mkono. Mathenge, alimwambia, alikwisha ondoka Jumapili kwa treni ya magunia iliyojazwa watu, kwenda kambi ya kizuizini huko chini kwenye joto. Kule watamchunguza vizuri. Kama ni safi atarudi.

Ogola aliondoka pale. Alikuwa anamchukia yule Mzungu, na zaidi ya kumchukia alijua kwamba kwa hesabu ya mpira Mzungu alikuwa sahihi. Kocha mwingine asingemtoa. Yeye Ogola tu, na ujanja wake.

Jumatano Wamuyu alikuja mlangoni. Alikuwa amepewa mpaka Alhamisi kutoka kwenye nyumba ya kampuni. Lori lingempeleka yeye na watoto Nyeri, kwa watu asiowajua. Mama watoto wa Ogola alitaka kumkumbatia, lakini mgeni alikuwa ameshika kitu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa jezi ya kijani ya kipa, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri.

"Ni ya kampuni," akasema. "Sitaki waseme tumeiba."

Ogola akaipokea. Hakujua aiweke wapi.

"Baba Awiti," Wamuyu akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, "nimekuja kukuuliza. Uliona nini kwake?"

"Shemeji, mimi sikuona kitu."

"Niambie tu. Sitakuchukia. Mimi nalala na yeye miaka tisa na sikuona. Kama alikula kiapo nikiwa sijui, kama alikuwa anapeleka chakula msituni, niambie, nijue niliolewa na nani. Kwa sababu kule wataniuliza, na sina cha kusema."

"Hakuna. Wallahi, mama. Ilikuwa mpira tu. Nilikuwa namkalisha mechi moja. Mechi moja tu, arudi na moto."

Wamuyu aliitazama jezi mikononi mwa Ogola.

"Mpira," akasema.

"Mpira."

Wamuyu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefungiwa mlango usoni, akageuka. Hakuamini. Ogola aliona wazi kwamba hakuamini, na kwamba angeondoka na shaka hiyo hadi Nyeri, alale nayo, amsubiri mumewe nayo. Yeye Ogola alikuwa amemnyang'anya mume mara mbili. Mama Awiti alimfuata shoga yake nje akilia kwa sauti, na Ogola akabaki katikati ya chumba na ile jezi.

Alijaribu alichoweza. Ijumaa aliandika kikosi cha fainali, na mahali pa kipa aliandika Mathenge. Karani alikuja mbio stoo kumwuliza kama ana wazimu. Akafuta, akapiga taipu Owuor, mara tatu.

Na walishinda. Hilo ndilo lililommaliza Ogola. Angeshindwa angerudi kwa marobota na kuona amelipa kidogo. Lakini Magunia walicheza siku hiyo kama watu wanaokimbizwa na mbwa. Hakuna aliyepiga chenga ya madoido, hakuna aliyecheka, hakuna aliyelala chini alipoumizwa. Aliyepoteza mpira alitupa jicho upande wa boksi kabla ya kuufuata tena. Ogola alikuwa ameliacha boksi tupu makusudi, na hakukuwa na nafuu yoyote. Karanja alifunga bao la pekee dakika za mwisho. Wenzake hawakumrukia. Alirudi katikati akikimbia, kichwa chini.

Haddon alicheza ngoma juu ya jukwaa, alifurahi kiasi hicho. Alimpa Ogola mkataba wa miaka mitatu na nyumba ya vyumba viwili kwenye laini ya makarani. Inspekta Pettit pia alikuwepo. Alimpungia mkono kutoka kivulini, na watu wote wakaona.

Baada ya hapo hakuna aliyemfanyia Ogola ubaya. Afadhali wangemfanyia. Wachezaji walimwamkia kabla hajawaona, wakamsogezea kiti, wakacheka kila alipotania. Akiingia kwa kinyozi, mazungumzo yaligeuka yakawa ya mvua. Na alipoandika jina la mtu kwenye orodha, mtu huyo alimshukuru kwa maneno, tena Wajaluo wenzake nao, ambao hawakuhitaji kushukuru. Boksi alilipasua, akampa mama Awiti kuni. Haikusaidia, kwa sababu boksi halikuwa pale kando ya uwanja tena, lilikuwa kwenye ile karatasi.

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, walipokuwa wakifanya mazoezi, aligundua kwamba Karanja anakimbia vibaya. Vijana wa Magunia walicheza miguu mitupu, na Karanja alikuwa amejifunga vifundo vyote viwili kwa vipande vya gunia, vyote viwili sawasawa, ili mtu asijue ni upi. Ogola alimwita stoo, akamkalisha juu ya mfuko wa mipira, akafungua kitambaa cha kushoto. Mguu ulikuwa umevimba hadi ugokoni, mweusi na mng'aro wa bilauri.

"Tangu lini?"

"Haina maneno, mwalimu."

"Karanja, tangu lini?"

"Tangu fainali."

Majuma saba. Alikuwa amecheza mechi saba kwenye mfupa uliovunjika.

"Wewe hutacheza Jumamosi," Ogola akasema. "Hutacheza mpaka mguu upone. Nitaongea na Bwana Haddon, nitaongea na karani..."

Hakumaliza. Karanja, mtu mzima, baba wa watoto wanne, alishuka kutoka kwenye mfuko akapiga magoti sakafuni, juu ya mguu ule ule, akamshika Ogola suruali.

"Mwalimu, usinitoe. Nimekukosea wapi? Niambie mahali nimekosa, nitengeneze. Kama kuna mtu amekuletea maneno yangu, ni uongo, mwalimu. Naapa kwa watoto wangu. Usinitoe kwa karatasi."

"Ni mguu, Karanja! Ni mguu peke yake!"

"Ndiyo, mwalimu," Karanja akasema, kwa haraka, kama mtu anayekubaliana na askari. "Ndiyo. Ni mguu. Lakini usinitoe."

Ogola alimwinua. Alimfunga kitambaa upya, taratibu, akakaza kama alivyofundishwa jeshini, halafu akafunga na ule mzima ili ifanane. Karanja alimshukuru, akatoka akijitahidi asichechemee mpaka afike mlangoni.

Ijumaa king'ora kilipolia aliketi na penseli. Aliandika Owuor. Aliandika wengine, mmoja mmoja, wale wale wa wiki iliyopita na ya kabla yake, kwa sababu hakuwa tena na kitu cha kubadilisha. Alipofika wa kumi na moja penseli ilisimama kwa muda mrefu hivi kwamba karani alikuja kuichukua karatasi mwenyewe, ndipo Ogola akaandika Karanja.

Jumamosi Karanja alisimama winga ya kushoto dakika tisini, kwa mguu mmoja. Mipira ilimpita, naye akaifuata kwa macho. Watu wa pembeni walianza kumzomea, wakamzomea na mwalimu pia, wakimpigia kelele amtoe huyo kiwete, hana faida, atoke! Ogola alikuwa amesimama mahali boksi lilipokuwa likikaa zamani, mikono mfukoni, na akamwacha asimame.